Mti wa Matunda Rurambo Upimwe, Usihesabiwe Tu

Ripoti ya mradi wa kupanda miti huanza karibu kila mara na namba moja: miche mingapi imegawanywa. Kwenye milima iliyo juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia miteremko inayotazama bonde la Ruzizi hadi Rurambo na kuendelea kuelekea Haut-Plateau, namba ya aina hiyo ndiyo inayothaminiwa. Miche ya parachichi, au avoka kama wengi wanavyoiita huku, hupandishwa mlimani, hupigwa picha, huingizwa ardhini, na faili la mradi hufungwa. Baada ya miaka sita ni mingapi ingali hai? Mingapi imenenepa, na mingapi imedumaa kwa sababu ilipelekwa kwenye baridi isiyoiweza? Hakuna aliyeulizwa, kwa hiyo hakuna mwenye jibu. Hoja yangu ni kwamba mti wa matunda unapaswa kupimwa shina mara moja kila mwaka, mahali palepale, na kuandikwa. Na kwamba vipimo hivyo, hata vikiwa vichache na vyenye mapengo, vinaweza kutupa mchoro wa ukuaji wa miti ya milima yetu. Mchoro huo hauazimwi Kenya, California wala Yangambi.

Kipimwe kitu gani? Jibu la kwanza linalomjia mtu ni urefu, nalo ndilo jibu baya zaidi. Mti mkubwa haupimiki urefu kwa mkono, na watu wawili wakiukadiria kwa macho hutofautiana kwa mita mbili au tatu bila yeyote kuona haya. Isitoshe, mti wa matunda hukatwa kichwa: mwenye shamba hupogoa ili matunda yafikike, upepo huvunja tawi la juu, na mwaka huo mti "unapungua" ilhali una afya tele. Shina halina mambo hayo. Linanenepa au linasimama. Likirudi nyuma, ni kwa kiasi cha unene wa unywele, pale maji yanapopungua ndani ya gome mchana wa jua kali. Ndiyo sababu vituo vya utafiti wa matunda, kikiwemo East Malling cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1913 na kujulikana kwa mashina ya kubebeshea tofaa, vimezoea kueleza ukubwa wa mti kwa eneo la mkato wa shina lake. Vifaa ni utepe wa fundi cherehani, rangi kidogo, kalamu na tarehe. Utepe unazungushwa sentimita 20 hadi 30 juu ya kiungo cha kubebesha. Kwa mti wa mbegu ambao matawi yake huanza chini, sentimita 30 hivi juu ya ardhi. Panapakwa rangi ili mwakani utepe urudi palepale. Alama hiyo haitapanda juu pamoja na mti kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa mti huongeza urefu kwenye ncha zake tu. Msumari uliopigiliwa usawa wa kifua hubaki usawa wa kifua hata mti ufike mita 20.

Mzingo peke yake hudanganya kidogo, na udanganyifu huo una madhara. Ili kupata eneo la mkato, mzingo unazidishwa kwa wenyewe kisha unagawanywa kwa 12.57. Chukua mti mchanga uliotoka mzingo wa sentimita 20 ukafika 30: eneo lake limetoka sentimita 32 za mraba hadi 72, nyongeza ya 40. Sasa chukua mti mzee uliotoka mzingo wa sentimita 80 ukafika 90. Utepe umeonyesha nyongeza ileile ya sentimita 10, lakini eneo limetoka 509 hadi 645, yaani nyongeza ya 136 hivi, zaidi ya mara tatu ya ule mchanga. Kwa jicho, mti mchanga ndio unaokimbia na mzee ndio uliosimama. Kwa hesabu, mzee ndio unaojenga mbao nyingi zaidi kila mwaka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mti unaodhaniwa umekoma kukua ndio wa kwanza kuingia kwenye tanuri la matofali au gunia la mkaa, na hukumu hiyo hutolewa kwa macho. Mara nyingine hukumu ni ya haki, mti kweli umechoka. Mara nyingine ni makosa matupu, na kinachotofautisha hali hizo mbili ni mistari miwili au mitatu kwenye daftari.

Mchikichi uwekwe kando katika hesabu hii. Kwenye mwambao wa Tanganyika, kuanzia Uvira kushuka hadi Fizi, ndio mti wa mali kuliko yote, na mtu anaweza kufikiri utepe unaufaa sawa na mwembe. Haufai. Mchikichi hauna lile tabaka la chini ya gome linaloongeza mbao mwaka hadi mwaka. Shina lake likishafikia unene wake, kinachoongezeka ni urefu na makuti. Anayetaka kuufuatilia ahesabu makuti mapya, ambayo kwa mchikichi uliokomaa na wenye afya huwa 20 hivi kwa mwaka, au apime umbali kutoka ardhini hadi kuti la chini. Lakini tunapopanda Rurambo michikichi inabaki chini, na mazungumzo ni ya parachichi, mapera, machungwa na miti mingine yenye mbao.

Vipimo vikishakuwepo, vinahitaji umbo. Miti, kama viumbe wengi, haikui kwa mwendo mmoja: huanza polepole, hushika kasi, kisha hupunguza inapokaribia ukubwa ambao ardhi na hali ya hewa vinauruhusu. Umbo hilo lilipata hesabu yake muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulitumia kwa bustani. Benjamin Gompertz, Mwingereza wa mambo ya bima, aliandika mlinganyo wake mwaka 1825 akitafuta kanuni ya vifo vya binadamu. Pierre-François Verhulst, Mbelgiji wa Brussels, alitoa wake mwaka 1838 akiwaza idadi ya watu. Mwaka 1959 F. J. Richards akaonyesha jinsi michoro ya aina hiyo inavyoweza kuunganishwa katika mlinganyo mmoja wenye uhuru zaidi, na wataalamu wa misitu wameutumia tangu hapo. Tofauti ya hao wawili wa kwanza inaweza kusemwa kwa maneno ya shamba. Kwa Verhulst, mti hufikia kasi yake kubwa kabisa ukiwa nusu ya ukubwa wake wa mwisho. Kwa Gompertz, kasi hiyo hufika mapema, mti ukiwa na asilimia 37 hivi ya ukubwa wa mwisho, halafu hupungua kwa muda mrefu. Mkulima akiujua mti wake unafuata umbo lipi, anajua lini mbolea italipa na lini itakuwa kumwaga mali.

Tatizo ni kwamba katika miaka ya mwanzo maumbo hayo mawili hayatofautiani. Ukiwa na vipimo vya miaka mitatu ya kwanza tu, mlinganyo wa Verhulst utapita vizuri katikati ya nukta zako, na wa Gompertz pia, kisha mmoja utatabiri mti wa wastani na mwingine mti mkubwa mno. Kosa haliko kwenye hesabu. Taarifa ya ukubwa wa mwisho haimo ndani ya miaka ya utoto. Sasa linganisha jambo hilo na maisha ya mradi wa kawaida, ambao hudumu miaka miwili au mitatu. Parachichi lililobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne kama mambo ni mazuri. La mbegu hungojewa miaka mitano, saba na zaidi. Kwa maneno mengine, mradi huondoka mlimani kabla mti haujasema neno lolote la maana, na ripoti ya mwisho huandikwa kwa kutumia namba pekee iliyopo, ile ya miche. Sidhani kuna nia mbaya hapo. Kuna kalenda ya mfadhili isiyolingana na kalenda ya mti.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusichukue tu michoro iliyokwisha kuchorwa kwingine. Parachichi ni parachichi. Jibu liko kwenye mteremko wenyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya Uvira milima ya Mitumba inapanda ghafla, ikipita mita 2,000 na zaidi katika umbali mfupi wa ramani. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo mita 1,000 juu ya ziwa ni baridi ya nyuzi sita zaidi. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha mti. Mwembe unaozaa hadi kuvunjika matawi ufukweni hautegemewi mlimani, ambako maua yake hukutana na baridi na unyevu wa ukungu. Parachichi zenyewe zina koo tatu: ile ya Antili, inayopenda joto la nyanda za chini, ya Guatemala, na ya Meksiko, inayostahimili baridi kuliko zote. Aina ya Hass inayotafutwa sokoni ni mchanganyiko wa damu ya Guatemala na ya Meksiko. Mche uliooteshwa kwa mbegu ya tunda lililonunuliwa soko la Uvira unaweza kuwa na damu yoyote kati ya hizo, au mchanganyiko wake. Mchoro uliopimwa kwenye kituo chenye udongo mzuri, maji ya bomba na aina moja ya mti hauwezi kusema mti huo utafanya nini kwenye mwinamo wa Rurambo, udongo ukiwa umeoshwa na mvua na ng'ombe wakijikuna kwenye gome. Hata INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, yenye vituo vyake vya Mulungu huko Kabare na Lubarika kwenye bonde la Ruzizi, ikipima kwenye vituo vyake peke yake itapata jibu la vituo vyake.

Kongo ina ushahidi wake kuhusu thamani ya kuandika kwa muda mrefu, tena ushahidi wa kipekee. Pale kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, kati ya mwaka 1937 na 1958, watu wa kituo walipita kwenye miti kama 2,000 ya spishi zipatazo 500, tena na tena, wakiandika mti upi umechanua, upi una matunda, upi umepukutisha majani. Madaftari hayo yalikaa miongo mingi bila kazi kubwa, hadi watafiti wa karne hii walipoyaingiza kwenye kompyuta kwa msaada wa watu wa kujitolea. Leo ni kati ya kumbukumbu ndefu tunazoweza kuzitumia kujua msitu wa Afrika ya Kati ulikuwa unafuata majira gani. Kule Luki, Kongo-Central, jambo lenyewe ni dogo zaidi na linashangaza zaidi. Mwaka 1948 miti ilipigiliwa misumari ya kushikilia namba. Mwaka 2014, miaka 66 baadaye, watafiti waliikuta baadhi ya miti hiyo ingali imesimama, na kovu la msumari ndani ya mbao likawaonyesha shina lilikuwa na unene gani siku ile. Ikaonekana kwamba miti myembamba ya chini ya kivuli ilikuwa na umri mkubwa kuliko ambavyo mtu angeukisia kwa kuitazama. Waliopigilia misumari hawakuwa na wazo la utafiti huo. Waliweka alama na tarehe, basi.

Kuhusu miti ya mashambani, ushahidi wa karibu uko magharibi mwa Kenya. Katika bonde la mto Yala, watafiti wakiongozwa na Shem Kuyah walikata na kupima miti 72 ya mashamba, wakachapisha matokeo mwaka 2012: unene wa shina peke yake ulitosha kwa kiasi kikubwa kukadiria uzito wa mti, na kuongeza urefu hakukuboresha makadirio sana. Kazi ile ilifanywa kwa sababu milinganyo iliyokuwepo ilitokana na misitu, na mti wa shambani si mti wa msituni: unapata mwanga pande zote, unapogolewa, unalishwa mbolea ya ng'ombe bila kukusudia. Kama Yala ilihitaji milinganyo yake, Rurambo inahitaji yake pia, na haitalazimika kukata mti wowote, kwa kuwa tunachotaka kujua ni ukuaji na si uzito.

Pingamizi la kwanza ni la muda. Nani atangoja miaka 30 ili mchoro ukamilike? Ingekuwa kweli kama tungeanza na mche mmoja na kuufuata hadi uzeeni. Lakini mlimani kuna miti ya kila rika leo hii. Pima mti wa miaka miwili, wa miaka kumi, na ule mzee uliopandwa na babu, kisha upime yote tena baada ya miaka miwili. Kila mti umekupa kipande chake cha mchoro: ulikuwa na ukubwa huu, ukaongeza kiasi hiki. Panga vipande kuanzia mdogo hadi mkubwa, na umbo la ukuaji litaanza kuonekana bila mtu yeyote kungojea uzee. Tena umri wa mti hauhitajiki, jambo kubwa mahali ambapo tarehe za kupanda hazikuandikwa na waliopanda wengine hawapo. Hesabu inauliza tu: mti wa ukubwa huu, huku, unaongeza kiasi gani kwa mwaka? Tahadhari ni moja. Miti mizee iliyopo ni ile iliyosalimika. Iliyokufa haipo ili ipimwe, na mingi ya mizee ni ya mbegu ilhali michanga ni ya kubebesha. Kwa hiyo kila mti ulioanza kupimwa ukafa lazima uandikwe umekufa, na aina yake iandikwe pia. Daftari linalofuta wafu litatoa mchoro wa uongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na watu wa mlimani ndio watakaolitoa. Vipimo vya kila mwaka vinataka amani. Milima ya Uvira imeona watu wakikimbia vijiji, wakirudi, wakikimbia tena. Nani atashika utepe wakati familia iko kambini? Sitadai kwamba utepe unashinda bunduki. Lakini hesabu ya ukuaji ina sifa moja inayolingana vizuri na maisha hayo: haidai vipindi vilingane. Mti uliopimwa mwaka mmoja na kupimwa tena baada ya miaka minne umejumlisha wenyewe yale yote uliyoyapata katikati. Kinachopotea ni habari ya mwaka mmoja mmoja, si jumla. Alichokifanya msumari wa Luki kwa miaka 66, rangi na tarehe vinaweza kukifanya kwa miaka minne. Na mwenye shamba akirudi na kukuta miti yake imekatwa, ukurasa wenye idadi ya miti, mizingo na tarehe una uzito kuliko kumbukumbu ya mdomo mbele ya mtu yeyote atakayesikiliza madai. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walifikiria zaidi duka na mikopo, ila shamba la matunda ni mali iliyosimama wazi kwa kila mpitaji.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote: watu hawapendi miti yao ihesabiwe. Wana sababu. Anayehesabu leo anaweza kutoza kesho. Zaidi ya hapo, katika Kivu Kusini mti wa kudumu ni dai la ardhi; anayelima shamba la mwingine mara nyingi huruhusiwa maharagwe na mihogo, haruhusiwi kupanda mti, kwa kuwa mti utasimama shahidi baada ya mkataba wa mdomo kusahaulika. Orodha ya miti mikononi mwa mgeni ni orodha ya madai ya ardhi. Kwa hiyo daftari libaki kwa mwenye mti, na kinachotoka nje kwa ajili ya mchoro kiwe ni mistari isiyo na majina: aina, mwinuko, mzingo, tarehe. Mtafiti akihitaji zaidi ya hapo aeleze ni kwa nini. Na mwenye mti ajue faida yake. Kanuni za Benki ya Dunia kuhusu watu wanaohamishwa na miradi zinataka mali ilipwe kwa gharama ya kuirudisha ilivyokuwa. Kurudisha mparachichi uliokomaa kunahitaji zaidi ya kununua mche; kunahitaji mche pamoja na miaka yote ya mavuno yaliyokosekana hadi mche huo ufikie ukubwa wa ule uliong'olewa. Miaka hiyo ni mingapi Rurambo? Bila mchoro wa hapa, atakayekaa upande wa pili wa meza atataja mchoro wa mahali ambapo miti hukua haraka zaidi, na fidia itapungua.

Kwamba mkulima hawezi kupima ni pingamizi nisilolipa nafasi kubwa, kwa sababu Afrika Mashariki imeshalijibu. Mpango wa TIST ulianzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, ukaenea Uganda na Kenya, na msingi wake ni vikundi vidogo vya wakulima pamoja na wapimaji wanaotoka miongoni mwa wakulima wenyewe, wanaohesabu miti na kuzungusha utepe mashinani kwa ajili ya malipo ya kaboni. Mtu anaweza kuubishania mpango huo kwa mengine, hasa nani anapata nini katika biashara ya kaboni. Uwezo wa wanakijiji kupima shina haubishaniwi tena. Wala setilaiti haijafika pa kuwaondolea kazi hiyo. Inaweza kuonyesha kijani kimeongezeka mlimani, ila mparachichi uliosongamana na migomba kando ya nyumba, chini ya mawingu ya msimu wa mvua, haujulikani unene wake kutoka angani.

Limebaki pingamizi la mfanyabiashara wa soko: sisi hatuuzi mbao, tunauza matunda, sasa shina la nini? Ni swali la haki. Shina kubwa haliahidi matunda, na mti unaweza kunenepa kwa raha zake bila kuzaa. Ndiyo maana wataalamu wa bustani hugawanya mavuno kwa eneo la mkato wa shina: kilo ngapi kwa kila sentimita ya mraba. Mti wenye eneo la sentimita 500 za mraba uliotoa kilo 100 umetoa gramu 200 kwa kila sentimita. Jirani yake wenye eneo la 200 uliotoa kilo 60 umetoa gramu 300. Sokoni wa kwanza ndio mshindi. Kwa anayetafuta vikonyo vya kubebeshea miche ya kesho, wa pili ndio wa kufuatwa, na asingeujua bila utepe. Kipimo cha shina hueleza pia jambo linalowasumbua wengi, kwamba mparachichi huzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwaka unaofuata. Matunda na shina hugombania chakula kimoja, hivyo mwaka wa mavuno makubwa shina hunenepa kidogo. Anayeona nyongeza ndogo asiseme mara moja mti unaumwa. Atazame safu ya mavuno. Ikiwa matunda yalikuwa machache na shina nalo limesimama, hapo ndipo pa kuchimba mizizi na kuangalia kama maji yametuama na uozo umeanza.

Uvira haihitaji kufundishwa faida ya vipimo vya muda mrefu. Maji ya ziwa yalipoingia kwenye nyumba za mwambao mwaka 2021, na tena 2024, wazee walikumbuka kupanda kwa miaka ya 1960, lakini kilichowezesha kulinganisha kupanda huko na huku kilikuwa namba zilizoandikwa vituoni kwa miongo mingi, siku za msiba na siku za kawaida. Siku za kawaida ndizo zilizofanya namba za msiba ziwe na maana. Miti ya matunda ya mlimani haina hata ukurasa mmoja wa siku za kawaida unaojulikana kwa wote.

Kwa hiyo wito ni kwa watu watatu. Mfadhili anayetaka kugawa miche Rurambo atenge sehemu ndogo ya bajeti, iwe bei ya tepe, rangi na daftari, na amlipe kijana wa kijijini arudi kupima miaka mitano baada ya mradi kufungwa; asipokubali hilo, asituhesabie miche. INERA na vyuo vya kilimo vya Kivu Kusini vipokee namba hizo, vizichore kwa kila mwinuko, na vizirudishe mlimani kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Na wewe mwenye miti, usingoje mmoja wao. Kabla mvua za Septemba hazijaanza, chagua miti kumi, asubuhi na mapema gome likiwa bado limejaa maji ya usiku, zungusha utepe, paka rangi, andika aina, mzingo na tarehe. Mwakani rudia asubuhi ya mwezi uleule.